Hiyo Saa Sivai Hata Nikipewa Bure

Ukitaka kuwagombanisha watu wanaopenda saa, usiwaulize wanapenda saa gani. Watataja majina matatu manne, watatikisa vichwa, yataisha. Waulize ni chapa gani ambayo hawatakaa waivae hata wakipewa bure. Hapo mtakaa mpaka usiku. Mmoja atasema Invicta. Mwingine atasema Hublot na kutoa sababu kumi. Wa tatu atasema Rolex, na hapo ndipo viti vinapoanza kusogezwa. (Jirani zetu wa Uganda wao walishamaliza ubishi. Kwao rolex ni chapati iliyoviringishiwa mayai, na sijasikia mtu aliyeapa kutoinunua.)

Mimi ubishi huu huwa naufuata kwa sababu ya neno moja tu: "kamwe". Historia ya saa imejaa watu waliosema kamwe, na kuna mahali neno hilo liliwagharimu watu makumi ya maelfu mkate wao. Halafu kuna jambo jingine. Mara nyingi kilichokuwa kikidharauliwa si chuma kilichomo ndani ya saa. Ni yule anayeivaa.

Hebu tuanze na Waswisi wenyewe, maana siku hizi ukiona saa imeandikwa imetengenezwa Uswisi unanyamaza kwa heshima. Katika karne ya 18 mambo hayakuwa hivyo. Makao makuu ya saa yalikuwa London. Waswisi walikuwa wakitengeneza saa za bei poa na kuzichonga majina ya mafundi wa London, mengine ya watu ambao hawajawahi kuwepo duniani. Kwa kuwa saa hizo ziliiga mtindo wa Uholanzi, leo wakusanyaji wanaziita feki za Kiholanzi, ingawa nyingi Uholanzi hazikutoka. Yaani maneno yale yale tunayoyasikia Kariakoo kuhusu mali ya Mchina, Waingereza waliyasema kuhusu Uswisi. Mwaka 1817 mafundi saa wa Coventry walipeleka kilio chao Bungeni, na moja ya lawama zao ilikuwa saa za kigeni zinazoingizwa kwa magendo. Haikusaidia. Leo ni Mwingereza gani wa mtaani atakutajia chapa tatu za saa za kwao?

Basi Waswisi wakapanda ngazi. Na wakishafika juu, nao wakaanza kuangalia chini.

Hapa ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika hadithi hii, Georges Frédéric Roskopf. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1813, akafika La Chaux-de-Fonds, Uswisi, akiwa kijana wa miaka 16. La Chaux-de-Fonds ni mji wa milimani ulioishi kwa saa na kwa karibu hakuna kingine. Karl Marx aliutaja katika kitabu chake cha Das Kapital akisema mji mzima unaweza kuhesabiwa kuwa ni kiwanda kimoja cha saa. Kitabu hicho kilitoka 1867. Shikilia mwaka huo.

Roskopf alikuwa na wazo ambalo leo linaonekana dogo. Alitaka mfanyakazi wa kawaida awe na saa ya mfukoni inayokwenda vizuri, kwa faranga 20, takriban mshahara wa wiki moja wa kibarua. Wakati ule saa ilikuwa kitu cha bwana mkubwa. Mfanyakazi alijua muda kwa kengele ya kanisa au king'ora cha kiwanda, yaani kwa kuambiwa na mwingine. Mwenye kiwanda akiamua saa ya kutoka bado haijafika, ungembishia kwa ushahidi gani?

Alichofanya Roskopf ni kupunguza. Lile gurudumu la katikati ambalo kila saa ilikuwa nalo akaliondoa, kisha akakuza ngoma inayobeba springi mpaka ikachukua nafasi yake. Kwenye sehemu ile inayotoa mlio wa tik-tak, ambako mafundi walipachika vijiwe vya thamani, yeye akaweka vijiti vya chuma. Kasha akatumia metali ya kawaida, si fedha wala dhahabu. Kurekebisha majira, katika zile za mwanzo, ilibidi ufungue kioo usukume mishale kwa kidole. Mwisho wa yote saa yake ilikuwa na vipuri 57, wakati saa ya kawaida ilikuwa na zaidi ya mia.

Mafundi wa mji wake walikataa kuitengeneza. Si kwamba haikwenda. Ilikwenda. Walikataa kwa sababu kuweka mikono yao kwenye kitu cha bei hiyo kungeshusha heshima ya kazi na, wakihofia, bei ya kila kitu kingine. Ilibidi atawanye oda huku na kule, kipande hiki kwa fundi huyu, kile kwa yule, ndipo saa ikakamilika. Mwaka 1867, mwaka ule ule wa kitabu cha Marx, akaipeleka kwenye Maonyesho ya Paris na ikapata medali ya shaba. Watu wakaiita La Prolétaire, yaani saa ya mvuja jasho.

Iliuzika kupita alivyotarajia. Mwaka 1873 akauza biashara yake. Uswisi haikuwa na sheria ya hataza mpaka 1888, kwa hiyo kila mtu aliiga. Utamu wa hadithi ni kwamba viwanda vya Uswisi vilivyokuwa vikiona aibu vikaendelea kutoa saa za aina ya Roskopf kwa mamilioni, kwa miaka mia moja, huku wajuzi wakilitumia jina lake kama tusi. Jina la mtu aliyetaka kibarua ajue saa ngapi likawa na maana ya saa ya ovyo.

Wamarekani hawakuwa na aibu hiyo. Kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876 kampuni ya Waltham ilionyesha mashine zinazotengeneza vipuri vinavyolingana kiasi kwamba unaweza kuvibadilishana. Jacques David, mhandisi wa kampuni ya Longines, alitumwa kwenda kuchunguza, akarudi na ripoti ya kuwatisha wenzake. Miaka 20 baadaye, 1896, ndugu wawili wa familia ya Ingersoll wakaanza kuuza saa ya mfukoni kwa dola moja. Dola moja! Wajuzi wakacheka, wakulima wakanunua.

Saa ya mkononi yenyewe ilipitia dharau hii hii, kwa sura nyingine. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwanaume wa Ulaya kufunga saa mkononi alionekana kavaa bangili ya mkewe. Hans Wilsdorf, yatima kutoka Bavaria aliyefungua biashara London mwaka 1905 na kusajili jina la Rolex 1908, alitegemea bidhaa ambayo wanaume wengi hawakuitaka. Kilichobadili mawazo ni mahandaki ya vita. Askari hawezi kuchimbua saa mfukoni huku ameshika bunduki. Kwa hiyo huyo rafiki yako anayekwambia mwanaume wa kweli anavaa Rolex, mkumbushe.

Sasa tuje kwa Wajapani, maana hapa ndipo "kamwe" ilipouma.

Kintaro Hattori alifungua duka lake Tokyo mwaka 1881, na kutoka hapo ikazaliwa Seiko. Baada ya Vita vya Pili, kwa Wazungu wengi neno "Japani" nyuma ya bidhaa lilimaanisha kitu kitakachokufa kabla hujafika nyumbani. Mwaka 1964 Seiko walipeleka saa zao Uswisi, kwenye mashindano ya usahihi ya Neuchâtel, na aliyefanya vizuri kati yao akaambulia nafasi ya 144. Unaweza kufikiria vicheko. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya Geneva, saa zao za springi zilishika nafasi ya 4 mpaka ya 10, na zilizotangulia mbele yao zilikuwa za majaribio zinazotumia umeme. Maana yake kwa saa za kutia ufunguo hakukuwa na Mswisi aliyewashinda.

Kisha, tarehe 25 Desemba 1969, Seiko wakatoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa dukani. Kwatzi ni kile kijiwe ambacho ukikipitishia umeme wa betri hutetemeka kwa kasi isiyobadilika. Katika saa nyingi za leo ni mara 32,768 kwa sekunde, na sakiti ndogo inahesabu mitetemo hiyo na kusogeza mshale. Astron ilipotea si zaidi ya sekunde tano kwa mwezi. (Kwetu, ambako mshale mfupi ukiwa kwenye 1 tunasema saa saba, na mgeni rasmi aliyealikwa saa saba anafika saa tisa, sekunde tano kwa mwezi ni anasa.) Bei yake ilikuwa yeni 450,000, sawa na gari dogo. Lakini elektroniki ina tabia ya kushuka bei, na ikashuka.

Kinachoniuma ni kwamba Waswisi hawakuwa wajinga. Maabara yao ya Neuchâtel ilishatengeneza saa ya mkononi ya kwatzi ya majaribio mwaka 1967, miaka miwili kabla ya Astron kuuzwa. Walikuwa nayo mezani. Ila saa ya betri, kwa wengi wao, haikuwa saa. Mwaka 1970 sekta yao ilikuwa na wafanyakazi kama 90,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki 30,000 na kitu. Waliopoteza kazi si wale waliokuwa wakidharau betri mikutanoni. Ni akina mama na akina baba waliokaa kwenye benchi wakipachika vijiwe, katika miji isiyo na kazi nyingine.

Kilichowaokoa? Plastiki. Tarehe 1 Machi 1983 huko Zurich ikazinduliwa Swatch, saa ya betri, rangi za kitoto, bei chini ya faranga 50, kasha limegandishwa moja kwa moja kiasi kwamba ikiharibika huirekebishi. Vipuri vyake vilikuwa 51. Roskopf alikuwa na 57. Sijui kama kuna mtu La Chaux-de-Fonds aliyekumbuka kuomba radhi.

Turudi kwa wabishi wetu na Invicta yao. Chapa hii ilianzishwa mwaka 1837, hapo hapo La Chaux-de-Fonds, ikazama wakati wa balaa la betri, jina likanunuliwa na Wamarekani mwaka 1991. Makao yake yako Florida. Wanaoichukia wanasema ni kubwa mno, inang'aa mno, Pro Diver yake ni Rolex Submariner iliyokosa haya, na bei kubwa inayoandikwa ili ipunguzwe kwenye runinga ni danganya toto. Hoja hizo nyingine nazikubali. Lakini fungua Pro Diver ile inayojijaza yenyewe. Katika nyingi utakuta mashine ya NH35 ya Seiko, imara, inayojulikana na kila fundi. Mashine hiyo hiyo imo kwenye saa za vikampuni vidogo ambavyo wajuzi hao hao wanavisifu na kulipia mara tatu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunabishania mashine. Tunabishana kuhusu kuonekana tumekaa meza moja na nani.

Na meza hiyo inaweza kuwa ya hatari. Casio F-91W, ile nyeusi ndogo ya plastiki iliyotoka 1989, imeuzwa kila kona ya dunia, na leo wapenda saa wanaivaa kwa fahari. Lakini nyaraka za gereza la Guantánamo zilizovuja mwaka 2011 zinaonyesha kuwa wachunguzi wa Marekani waliichukulia kama dalili kwamba aliyekamatwa nayo alipata mafunzo ya mabomu. Kwenye mkono wa mbunifu wa London saa ile ni ucheshi. Kwenye mkono wa mtu aliyekamatwa Afghanistan ilikuwa ushahidi.

Nimalizie na Blancpain, chapa inayojitambulisha kwa mwaka 1735. Jina lilikuwa limelala pale Jean-Claude Biver na Jacques Piguet walipolinunua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa faranga kama 22,000. Tangazo lao lilikuwa kiapo: Blancpain haijawahi kutoa saa ya kwatzi, na haitatoa kamwe. Kiapo rahisi, kwa kuwa balaa lilipokolea chapa ilikuwa haitoi saa yoyote. Mwaka 1992 wakaiuza kwa faranga milioni 60 kwa kundi lile lile lenye Swatch.

Septemba 2023 Blancpain na Swatch wakatoa saa ya pamoja, yenye rangi za kitoto, dola 400, watu wakapanga foleni. Kiapo hawakukivunja, betri haimo. Ndani kuna mashine inayoitwa Sistem51, inayounganishwa na roboti na ambayo fundi haifungui. Vipuri vyake, kama jina linavyosema, ni 51.