Lenzi ya Kurudisha Nuru

Ewe msomaji, ukimwona mzee wa Kivaa akiongozwa kwa fimbo na mjukuu aliyepaswa kuwa darasani, usidhani upofu huo hauna dawa. Huenda ni mtoto wa jicho. Mwaka 1949, mjini London, daktari Harold Ridley alitangulia wote kutia lenzi ya plastiki jichoni mwa mgonjwa. Alikwisha kuona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za vita vilivyobaki machoni mwa marubani havikuleta uvimbe. Lenzi ile ngumu hudai mkato wa milimita 6 hivi. Lenzi laini, ikunjwayo, hupita penye milimita 3 au pungufu, na jeraha hupona upesi, ila bei yake hupanda. Mwaka 1994 kiwanda cha lenzi ngumu kilifunguliwa Asmara, Eritrea, ili maskini nao wazipate. Basi uzipimapo lenzi, uliza pia ipi itamfikia mzee yule. Kwani macho ya babu yakifunguka, mjukuu hurudi shuleni.