Kibanja, Ukoo na Uraia: Kupokewa kwa Wageni Bukoba na Muleba

Kila dola hulazimika kuamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, na vigezo vinavyotumika si vingi: mahali mtu alipozaliwa, damu ya wazazi wake, muda aliokaa nchini, au ridhaa ya wale anaoishi nao. Marekani, tangu marekebisho ya katiba yake ya 1868, imeegemea mahali pa kuzaliwa, ilhali Ujerumani, kwa sheria ya 1913 ambayo haikulegezwa kwa kiasi kikubwa hadi 2000, iliegemea damu. Mkoa wa Kagera, unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi, unatoa nafasi adimu ya kuona vigezo hivyo vikipishana katika eneo dogo, kwa kuwa Bukoba na Muleba zilikuwa na utaratibu wao wa kumpokea mgeni karne kadhaa kabla ya kuwapo kwa pasipoti, na utaratibu huo haukufutika sheria ya uraia ilipoingia, bali ulijificha ndani yake.

Historia simulizi ya Buhaya, nchi ya Wahaya ambamo Bukoba na Muleba zimo, inaanza na wahamiaji. Uchimbuaji wa kiakiolojia uliofanywa Katuruka, karibu na Maruku, umeonyesha kuwa watu walikuwa wakiyeyusha chuma katika nchi hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, lakini nasaba zilizokuja kutawala ziliingia baadaye sana kutoka kaskazini na magharibi. Bahinda, waliotawala Karagwe, Ihangiro na Kianja, hujinasibisha na Ruhinda, mgeni ambaye masimulizi yanamhusisha na Bachwezi, watawala wa kale wa masimulizi hayo. Babito wa Kiziba walitokea Bunyoro. Koo zilizokuwapo kabla yao hazikutoweka, kwani nyingi zilibaki na majukumu ya ibada, ya uhunzi na ya kumsimika Omukama, yaani mfalme, na kwa njia hiyo mtawala mgeni alihitaji mkono wa wenyeji ili atambulike. Kwa kipimo cha fomu za leo, zinazotaka kujua babu alizaliwa wapi, waasisi wa falme hizo wangepata taabu kubwa ya kujieleza.

Mgeni wa kawaida, asiye na jeshi wala nasaba, alipokewa kwa njia nyingine. Nguzo ya maisha ilikuwa kibanja, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba, lililorutubishwa kwa samadi kizazi baada ya kizazi na kurithiwa ndani ya ukoo wa baba, ambamo pia wazee walizikwa. Nje ya vibanja kulikuwa na rweya, nyika ya majani iliyotumika kwa malisho na mazao ya msimu, na huko ndiko mtu asiye na ukoo alikoweza kuanzia. Aliyetaka kukaa alihitaji mwenyeji wa kumsemea mbele ya mwenye ardhi au mbele ya Omukama, na uhusiano wa watu wawili wasio ndugu uliweza kukazwa kwa omukago, undugu wa kuchanjana, ambao katika Buhaya ulifungwa kwa kula buni zilizopakwa damu ya wahusika. Baada ya hapo mgeni alikuwa na watu wa kumtetea, wa kumzika na wa kudai haki yake. Si kwamba utaratibu huo ulikuwa wa usawa, maana katika mfumo wa nyarubanja mpangaji aliishi kwenye ardhi ya bwana kwa kumlipa kodi ya mazao na utumishi, na angeweza kuondolewa. Hata hivyo swali lililoulizwa lilihusu nani anamjua na anaishi kwa nani, na majibu yake yalipatikana kijijini.

Mstari wa mpaka ulileta swali jipya. Mwaka 1890, mwaka uleule Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, Ujerumani na Uingereza zilikubaliana kugawana nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria kwa kufuata digrii moja kusini ya ikweta, mstari uliochorwa mezani bila kujali mto Kagera wala watu waliouvuka kila siku kwa ndoa, biashara na matambiko. Waganda, waliokuwa na mchango mkubwa katika kuufikisha Ukristo na Uislamu Bukoba, wakawa watu wa koloni jingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ramani ilibadilika tena: Rwanda na Burundi zilikwenda kwa Wabelgiji na Tanganyika kwa Waingereza, ila Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda, ilishikiliwa na Waingereza hadi mwisho wa 1923, ikirejeshwa tu baada ya malalamiko ya Ufalme wa Rwanda na wamisionari. Kwa miaka michache, basi, mtu wa Gisaka na mtu wa Ihangiro walikuwa chini ya bendera moja, kisha wakatenganishwa kwa barua.

Wakati huohuo kahawa ilikuwa ikigeuza Buhaya kuwa nchi ya fedha. Wenye vibanja walihitaji mikono, na upande wa pili wa mpaka kulikuwa na kazi za shuruti za Wabelgiji na njaa ya 1928 na 1929, inayokumbukwa Rwanda kwa jina la Rwakayihura, ambayo iliwasukuma watu wengi kwenda Uganda na Tanganyika. Wanyarwanda na Warundi walipalilia migomba, walichuma kahawa, walichunga ng'ombe, na wengine walipewa kipande cha rweya wakajenga. Wahaya nao walikuwa wakihama kwenda Kampala, Nairobi na miji mingine, kwa hiyo nyumba moja iliweza kuwa na kijana aliye kibarua ugenini na kibarua mgeni anayelima shamba la baba yake. Hapo ndipo utaratibu wa zamani ulipoanza kulegalega. Kahawa ilikuwa imepandisha thamani ya ardhi kiasi kwamba kumpa mgeni kibanja kuligeuka kuwa gharama, na vibarua wengi walibaki kwenye kingo za vijiji, wakijulikana na kila mtu bila kuingizwa katika ukoo wowote.

Uhuru uliwakuta katika hali hiyo. Mjadala wa uraia uliofanyika bungeni Oktoba 1961 unakumbukwa kwa suala la rangi: baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika kwanza, na Julius Nyerere alilipinga wazo hilo kwa ukali, akiweka rehani uhai wa serikali yake. Msimamo huo ulistahili sifa uliyopata. Lakini kanuni iliyopita ilikuwa na kifungu ambacho kwa Pwani hakikuonekana kizito na kwa Kagera kilikuwa kizito sana: aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja tarehe 9 Desemba 1961 iwapo angalau mzazi wake mmoja alizaliwa Tanganyika pia. Mtoto wa kibarua na mkewe waliovuka kutoka Rwanda miaka ya 1930, aliyezaliwa Kamachumu, Muleba, na asiyejua nchi nyingine, alibaki nje ya mlango, na kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, aliendelea kuishi, kupiga kura na kulipa kodi bila kujua kuwa yuko nje.

Serikali mpya ilijenga utaifa kwa njia nyingine zenye nguvu kuliko sheria hiyo. Mamlaka ya machifu, pamoja na Bakama (wingi wa Omukama), yaliondolewa 1963. Nyarubanja ilianza kuvunjwa kwa sheria ya 1965 iliyowapa wapangaji haki juu ya ardhi waliyoilima. Na Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ofisi. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Kisha vikaja vita. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliingia Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wa kaskazini mwa Kagera wakakimbilia kusini. Na mwaka 1979 Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Vita hivyo viliufanya mpaka, ambao hadi hapo ulikuwa jambo la ramani, kuwa jambo la damu na kumbukumbu.

Bado Tanzania ya wakati huo iliwapokea wageni kwa ukarimu ambao nchi chache zingeweza kujivunia. Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia 1959 walipewa ardhi, wakiwamo wa makazi ya Muyenzi, Ngara, na mwaka 1980 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipewa uraia kwa pamoja. Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 1983. Ukarimu huo ulipungua baada ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, pale watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikazaliwa. Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa kurudi kwao. Miaka kumi baadaye watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa Kagera, wengi wakiwa na ng'ombe, na mwaka 2013 Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji wasio na vibali muda hadi tarehe 11 Agosti kuondoka, kabla ya Operesheni Kimbunga kuanza Septemba katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita.

Sheria inayoamua nani ni raia na nani aondoke ni Sheria ya Uraia ya 1995, ambayo inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani ule anaoomba mgeni aliyekaa nchini kwa muda. Mwombaji wa tajnisi anatakiwa awe ameishi nchini mwaka mzima kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika kumi iliyotangulia, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na tabia njema. Uraia wa nchi mbili haukubaliki kwa mtu mzima. Mke mgeni wa Mtanzania ana njia nyepesi ambayo mume mgeni wa Mtanzania hana. Februari 2001 serikali iliwatangaza watu wanne mashuhuri kuwa si raia, miongoni mwao mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, na mwenyekiti wa chama tawala wa Mkoa wa Kagera wa wakati huo. Kama watu wa ngazi hiyo waliweza kuambiwa hivyo baada ya miongo ya utumishi, hali ya mchungaji wa Rutoro au mvuvi wa kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, asiye na mwanasheria wala cheti, si vigumu kuikadiria.

Namna ukoo na sheria vinavyogongana inaonekana vizuri zaidi katika kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba. Mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake aliiuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000, na jamaa yake akafungua shauri kwamba kwa mila za Wahaya, zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, mwanamke hawezi kuuza ardhi hiyo. Kashasha ilibatilisha mauzo, Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume kwa mujibu wa Katiba. Wanasheria huitaja kesi hiyo kwa habari ya wanawake, na wana haki. Kwa historia ya upokeaji wa wageni, hata hivyo, jambo lisilotajwa sana ni kwamba mtu wa nje alitambuliwa kuwa mnunuzi halali, huku ukoo ukiachiwa nafasi ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha bei. Ugeni wa ukoo ulipoteza nguvu ya kisheria. Na Sheria za Ardhi za 1999, zilizomnyima asiye raia umiliki isipokuwa kwa uwekezaji, ziliweka ugeni wa taifa mahali pake. Tangu hapo, anayetaka kumwondoa jirani kwenye malisho hahitaji kuthibitisha kwamba ardhi ni ya ukoo wake. Inatosha kusema kuwa jirani si raia.

Majirani walichagua njia zao. Katiba ya Uganda ya 1995 inataja jamii za asili zilizokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926, Banyarwanda wakiwamo. Zaire iliwapa uraia watu wa Kivu wenye asili ya Rwanda na Burundi mwaka 1972, kisha mwaka 1981 ikaurudisha nyuma hadi 1 Agosti 1885, tarehe ambayo hakuna mkulima angeweza kuithibitisha, na vita vilivyofuata vilichota humo. Kenya iliwatambua Wamakonde wake, wenye asili ya Msumbiji, mwishoni mwa 2016. Tanzania haina orodha ya makabila katika sheria yake, na hilo limeiepusha na mengi. Lakini pasipo orodha wala vyeti, ushahidi hutafutwa kwa wazee wa kijiji, katika vitabu vya ubatizo vya misheni, na kwa mwenyekiti wa kitongoji anayesema kama anamjua mtu au hamjui, yaani kwa mdhamini yuleyule wa enzi za Bakama, sasa akiwa na mhuri.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua Machi 2018, katika shauri la mtu aliyenyang'anywa pasipoti na kusukumwa Kenya, kwamba nchi inayodai aliyetambuliwa kuwa raia si raia ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Uamuzi huo unamsaidia mwenye hati mkononi. Na zoezi la kuwapa tajnisi Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, wapatao 162,000, waliokabidhiwa vyeti kuanzia 2014, liliwahusu wakimbizi wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokuwa na majalada. Wajukuu wa vibarua wa kahawa wa Kianja na Ihangiro hawakuwahi kuwa wakimbizi, na kwa hiyo hawakuwamo katika jalada lolote.