Manukuu ya Video na Haki ya Viziwi Marekani

Filamu za kimya zilikuwa na kadi za maandishi katikati ya picha, na kiziwi alizifuata sawasawa na mtu mwingine. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kadi zikatupwa. Mwaka 1947 Emerson Romero, mwigizaji kiziwi mzaliwa wa Cuba, alianza kuzikata filamu na kupachika kadi upya: kazi ya mkono, tena ya kuchosha.

Kwenye televisheni, kipindi cha mapishi cha Julia Child kilirushwa na manukuu kutoka Boston mwaka 1972. Kila mtazamaji aliyaona, apende asipende. Tangu 1980 yakafichwa katika mstari wa 21 wa mawimbi ya picha, na aliyeyahitaji alinunua kisanduku cha kuyafichua. Sheria ya 1990 ikawabana watengenezaji: kuanzia Julai 1993, televisheni za inchi 13 na zaidi ziwe na uwezo huo ndani.

Intaneti ilianza upya, mikono mitupu. YouTube, iliyozaliwa 2005, ilipokea manukuu 2008. Mwaka uliofuata yakaja ya mashine, yaliyosukumwa na Ken Harrenstien, mhandisi kiziwi wa Google, yakiwa na makosa mengi. Sheria ya 2010 ilidai manukuu mtandaoni, lakini iligusa vipindi vilivyokwisha kurushwa kwenye televisheni tu. Chama cha Taifa cha Viziwi kikaishtaki Netflix, huduma ya video mtandaoni, kwa upungufu wa manukuu, nayo ikakubali, Oktoba 2012, kuweka manukuu kwenye video zake zote ifikapo 2014.