Sharti Litanguliayo Risala

Mji wa Eldoret ulipata posta kabla ya kupata reli. Mwaka 1910 ofisi ya barua ilifunguliwa katika shamba nambari 64, ndiyo sababu wenyeji wakauita Sisibo; jina la Eldoret likatangazwa mwaka 1912, na gari moshi halikufika hata mwaka 1924, ilhali barua zilikuwa zikiletwa kwa magari ya ng'ombe kutoka Londiani, na mvua zilipozidi zikikwama matopeni. Leo katika mtaa wa Pioneer, kusini mwa mji huo, fundi aweza kupitisha data kutoka chumba hadi chumba pasipo waya. Lakini masharti afuatayo ni ya kale kuliko mji wenyewe.

Katika pwani yetu waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na mwaka 1890 ukatandazwa mwingine kutoka Unguja hadi Mombasa. Makarani wa simu walikuwa na ada yao: mtu humwita kwanza mwenziwe, akangoja ajibiwe, wala hapigi herufi upesi kuliko mkono wa yule aandikaye. Mfaransa Émile Baudot, katika hataza yake ya mwaka 1874, alikwisha kuifanya ada ya namna hiyo kuwa kanuni ya mitambo, kila herufi ikiwa alama tano zenye muda sawa, na mashine mbili zikilazimika kwenda mwendo mmoja, ambao kipimo chake, baudi, kina jina lake hata sasa. Mwaka 1981 modemu ya Mmarekani Dennis Hayes ikaanza kupokea amri zitanguliwazo na herufi AT, na kujibu OK.

Moduli ndogo ya HC-05, ipitishayo data kwa redio ya Bluetooth, imerithi yote hayo. Fundi huunganisha mguu wa kutuma wa upande mmoja na mguu wa kupokea wa upande wa pili. Na ikiwa bodi yake ni ya volti 5, huzipunguza kwa rezista mbili hata zikaribie 3.3. Kisha hushikilia kitufe cha moduli, akawasha umeme, na taa ikapepesa polepole, kila baada ya sekunde mbili hivi, kuonyesha kwamba inangoja amri. Hapo huweka mwendo wa 38,400, akaandika AT, na ajibiwapo OK huipa jina, nambari ya siri na mwendo wa kazi, ambao aghalabu ni 9,600. Miendo ikihitilafiana, herufi hufika, ila zimevurugika kiasi cha kutosomeka.

Kwa hiyo fundi aonapo vurugu hiyo asiharakie kulaumu moduli wala kununua nyingine, maadamu herufi zenyewe zinafika. Na aanze alipoanzia karani wa simu, kwa kuhakikisha kwamba pande mbili zimeafikiana mwendo.