Siku 26 Kwenda, Miezi 3 Kurudi

Kabla ya kuwa na rubani wa ndege, rubani alikuwa mtu wa baharini. Hulikumbuka hilo kila nikipita Bandari ya Kale hapa Mombasa, kwa sababu hadithi ya Vasco da Gama tunaisimulia nusu tu.

Nusu tunayoijua: Aprili 1498 alifika Mombasa, hawakuelewana na wenyeji, akaenda zake Malindi, na huko akapewa rubani. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili. Tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, India. Siku 26!

Nusu ya pili ni kurudi. Da Gama hakungoja msimu. Aliondoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba, kusi imekwisha na kaskazi haijaanza. Hayo ndiyo maleleji: leo shwari, kesho upepo wa usoni. Bahari ileile ikawala karibu miezi 3. Mogadishu waliiona tarehe 2 Januari 1499. Watu kama 30 walikufa njiani kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote tatu. Wakaichoma moto moja, São Rafael.

Merikebu zilezile, mkubwa wao yuleyule. Kilichobadilika ni hesabu ya upepo.

Na msidhani hesabu yenyewe ni kungoja upepo mkali mkimbie nao. Kusi ya Juni na Julai ina nguvu zaidi, lakini bandari za magharibi mwa India huwa hazifikiki kwa mawimbi. Mwisho wa Aprili kusi ndiyo kwanza inaanza: inasukuma, haivunji. Hata leo, anayerusha ndege isiyo na injini ana hesabu inayokaribiana na hii. Upepo ukiwa nyuma, apunguza mwendo kidogo, aache umbebe. Ukiwa usoni, aongeza mwendo. Jahazi halina cha kuongeza, kwa hivyo rubani wake huchagua mwezi.

Na hapa nijisahihishe. Niliwahi kusema rubani yule alikuwa Ibn Majid. Nilikosea, wanahistoria wengi wamelikataa hilo, na maandishi ya Wareno yanaelekeza zaidi kwa mtu wa Gujarat.

Skuli tulifunzwa kuwa da Gama "aligundua" njia ya India. Jamani, njia ilikuwa na wenyewe, na ilikuwa na tarehe zake. Alipozifuata, alifika. Alipoziacha, alizika watu.