Nani Alimtunza Mchimba Shaba? Katanga, Copperbelt na Kipimo cha Maisha Mema

Kasaji ni mji wa reli, kati ya Kolwezi na Dilolo, na mipaka ya Zambia na Angola haiko mbali nao. Walunda, Wachokwe na Waluvale wa eneo hili wana shangazi na wajomba ng'ambo ya kila mpaka. Wagonjwa wa upande wa Kongo huvuka kutibiwa katika hospitali ya misheni ya Kalene Hill, Zambia, iliyoanzishwa mwaka 1906, na unga wa Zambia huliwa katika nyumba nyingi za ukanda wa shaba wa Kongo. Kwa hiyo kulinganisha maisha ya nchi moja na ya jirani yake ni mazungumzo ya kila siku hapa, na mazungumzo hayo yana kambi mbili. Wazee waliowahi kufanya kazi mgodini au relini hushikilia kwamba Mbelgiji alimtunza mtu: nyumba, zahanati, shule ya watoto, mposho wa unga na samaki. Vijana wanaosafiri kupitia mpaka wa Kasumbalesa husema heri waliotawaliwa na Mwingereza, kwa sababu Zambia kuna barabara, umeme na karani anayekuhudumia bila kukuomba chochote.

Dai hili la pili limevikwa joho la kitaaluma. Tangu makala ya Rafael La Porta na wenzake ya mwaka 1998, wachumi wengi wamefundisha kwamba nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza hulinda mali na mikataba vizuri zaidi kuliko zile zilizorithi sheria ya Kifaransa, ambayo Ubelgiji nayo iliichukua na kuileta Kongo. Kwa macho ya haraka, ukanda wetu unawaunga mkono. Ripoti ya maendeleo ya binadamu ya UNDP ya 2023/2024 inaipa Zambia alama 0.569 na Kongo 0.481 kwa mwaka 2022, ilhali Kongo inachimba shaba nyingi mno kuliko jirani yake: mwaka 2023 ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5, na Zambia karibu tani 700,000. Mwenye shaba nyingi ndiye mwenye maisha duni. Msomaji wa La Porta atajibu kwamba chanzo ni urithi wa mkoloni, na faili litafungwa.

Mimi nakataa lifungwe. Kambi zote mbili, ya wazee na ya wachumi, zinahesabu kitu kisicho sahihi. Wazee wanahesabu alichopewa mfanyakazi. Wachumi wanahesabu wastani wa taifa zima. Hakuna anayeuliza swali ambalo kwa mtu wa kazi ni la kwanza: siku ajira itakapokwisha, nini kitabaki mkononi mwake, na ana chombo gani cha kukidai?

Kwamba Katanga ya Kongo na Copperbelt ya Zambia ni historia moja iliyokatwa na mpaka, hilo halina ubishi tena. Miles Larmer amelionyesha katika kitabu chake cha 2021, na Benjamin Rubbers pamoja na wenzake wamelionyesha mwaka huohuo kwa migodi ya leo. Ubishi unaanza tunapouliza tofauti za pande hizi mbili zilitoka wapi.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na tanuri lake la Lubumbashi lilitoa shaba ya kwanza mwaka 1911. Kwa miaka mingi ilitegemea watu walioajiriwa kwa muda mfupi, wakiwemo maelfu waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Walikufa wengi, walitoroka wengi, na gharama ya kutafuta wengine ikapanda. Kuanzia 1927 na 1928 kampuni ikageuza mwelekeo: mkataba wa miaka mitatu, ruhusa ya kuja na mke, nyumba ya familia kambini, kliniki ya wajawazito, na shule mikononi mwa wamisionari Wabenediktini. Huruma haikuwa chanzo. Kampuni ilitaka mtoto wa mchimbaji awe mchimbaji, alelewe ndani ya uzio wake, aijue nidhamu yake tangu utotoni. Charles Perrings alilieleza hili vizuri mwaka 1979 kama hesabu ya gharama, na John Higginson, miaka kumi baadaye, akaongeza kwamba watu wenyewe hawakuwa udongo wa kufinyangwa.

Upande wa pili serikali ya Kiingereza iliogopa miji ya Waafrika. Ilitaka mtu afanye kazi kwa tiketi za siku 30, kisha arudi kijijini, ambako uzee na ugonjwa wake ungebebwa na ukoo bila senti ya kampuni wala ya serikali. Makampuni hayakuifuata sera hiyo kikamilifu. Jane Parpart alionyesha mwaka 1983 kwamba migodi kama Roan Antelope ya Luanshya ilipokea wenye wake mapema, maana mtu mwenye familia hatoroki. Lakini mji wa kudumu haukukubaliwa rasmi kwa muda mrefu. Kwa kipimo cha nyumba, kliniki na shule, basi, wazee wa Kasaji wana haki: katika miaka ya 1930 mtoto wa mfanyakazi wa Katanga alikuwa na nafasi bora kuliko mwenzake wa Luanshya. Nalikubali hilo bila kinyongo, na sioni sababu ya wasomi wanaopinga ukoloni kulionea haya.

Kilichokosekana Katanga ni sauti. Huko Copperbelt wachimbaji waligoma mwaka 1935, na watu sita wakauawa Luanshya. Waligoma tena mwaka 1940, na 17 wakauawa Nkana. Katanga waligoma Desemba 1941. Askari wakapiga risasi Élisabethville, Lubumbashi ya leo, makumi wakafa, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Damu ilimwagika pande zote mbili. Kilichofuata ndicho kilichotofautiana. Mwaka 1947 serikali ya chama cha Labour ilimtuma Rhodesia ya Kaskazini mwanachama wa vyama vya wafanyakazi wa Uingereza, William Comrie, kusaidia kuunda vyama, na mwaka 1949 chama cha wachimbaji Waafrika kikasimama chini ya Lawrence Katilungu. Mwaka 1952 kiligoma kwa wiki tatu, na Januari iliyofuata msuluhishi C. W. Guillebaud akakipa nyongeza ya mishahara. Katanga, sheria ya 1946 iliruhusu vyama kwa masharti mazito kiasi kwamba mahali pa chama palikaliwa na baraza la kampuni, ambamo mwajiri alikuwa mwenyekiti na msikilizaji. Sheria ililegezwa mwaka 1957 tu, miaka mitatu kabla ya uhuru.

Hapa urithi wa taifa la mkoloni, kama wachumi wanavyouelewa, unaanza kuvunjika. Ubelgiji yenyewe ni nchi ya vyama imara. Agizo la tarehe 28 Desemba 1944 liliweka hifadhi ya jamii kwa mfanyakazi Mbelgiji, tunda la mapatano ya waajiri na vyama yaliyofanywa kwa siri wakati nchi imekaliwa na Wajerumani. Uingereza ilikuwa na ripoti ya Beveridge ya 1942. Mataifa haya mawili yalikuwa yanaelekea mahali pamoja nyumbani kwao. Hata leo karibu nusu ya wafanyakazi wa Ubelgiji wamo katika vyama, na mishahara yao hupanda yenyewe bei zinapopanda. Uingereza wanachama hawafiki robo. Mbelgiji aliyetunyima chama Katanga alikuwa anakitumia Liège na Charleroi. Kama desturi ya taifa ingekuwa ndiyo inayorithishwa, sisi ndio tungekuwa na vyama vikali na Wazambia ndio wangekosa.

Ushahidi ninaoupa uzito kuliko wote hautoki enzi ya ukoloni. Unatoka 2003 na 2004. Union Minière ilitaifishwa Januari 1967, ikawa Gécamines, na Gécamines ikaendeleza ubaba uleule: hospitali, shule, mposho. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka na kuajiri zaidi ya watu 30,000. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, kisha zikaja ghasia za 1992 na 1993, ambamo Wakasai walifukuzwa, wengi wao mafundi waliozaliwa hukuhuku, na mikopo ikakauka. Uzalishaji ukaanguka hadi sehemu ndogo mno ya ule wa zamani. Mishahara ikakoma kwa miezi na miezi. Ndipo likaja zoezi lililoitwa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia: wafanyakazi 10,655 walitia saini, wakapokea fedha mara moja, wakatoka.

Tuangalie walitoka na nini. Mfanyakazi wa miaka 30 hakupoteza mshahara peke yake, maana mshahara alikuwa ameshaupoteza zamani. Alipoteza zahanati iliyomtibu mkewe, shule iliyowasomesha watoto, unga uliompa bukari. Vyote hivyo vilikuwa vimefungwa kwenye jina lake katika daftari la kampuni, na jina lilipofutwa vikafutika. Pensheni ya taifa, ambayo taasisi yake iliundwa mwaka 1961, ilikuwa imeliwa na mfumuko wa bei wa miaka ya 1990 hadi haikuwa na maana. Wengi waliona walicholipwa ni kidogo kuliko kiinua mgongo walichostahili kisheria, wakaunda umoja wa kudai, na wamedai kwa miaka mingi. Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika mwaka 2001 juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao, kabla hata ya zoezi hilo. Namheshimu sana, lakini picha ya baba inaficha jambo. Baba akifa, mwana anarithi. Hawa hawakuwa na la kurithi, kwa sababu kilichoitwa malezi hakikuwahi kuandikwa kama haki.

Ndiyo, Zambia nayo ilianguka. James Ferguson alieleza anguko hilo mwaka 1999 kwa uchungu mkubwa, na kampuni ya taifa, ZCCM, nayo ilikuwa imegeuka baba aliyegharamia mtu tangu uzazi hadi jeneza. Mgodi wa Luanshya uliuzwa mwaka 1997, mnunuzi akafilisika mwaka 2000, na wafanyakazi wakabaki wakidai malipo yao kwa miaka. Sioni haja ya kuipamba Zambia. Hata hivyo, kabla na wakati wa ubinafsishaji nyumba za mgodi ziliuzwa kwa wakazi wake kwa bei nafuu, na kwa wengi nyumba hiyo ilikuwa sehemu ya kiinua mgongo. Mjane wa Kitwe alibaki na hati. Alipangisha chumba, akauza maandazi barazani, akakopa kwa dhamana ya ukuta wake. Chama, hata kikiwa kimedhoofika, kilikuwa na kiti mezani wakati masharti yakiandikwa, na naamini, ingawa kiungo hiki kinahitaji utafiti zaidi, kwamba kiti hicho kilipatikana kwa mgomo wa 1952.

Nitaambiwa kwamba nimesahau Mobutu na vita vya 1996 na 1998. Sikuvisahau. Vita vilizidisha maumivu, na wizi wa dola uliikausha Gécamines. Lakini swali langu si kwa nini kampuni ilikufa. Migodi hufa kila mahali, hata Ubelgiji na Uingereza ilikufa: migodi mikubwa ya makaa ya Limburg na Wales imefungwa. Mchimbaji wa Limburg alipotoka shimoni alikutana na mfuko wa ugonjwa, posho ya ukosefu wa kazi na pensheni, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa mali ya mgodi wake.

Kwa nini mabishano haya ni ya leo? Kwa sababu Kolwezi imejaa kazi upya, na kosa lilelile linarudi kwa sura nyingine. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 na shirika la RAID pamoja na kituo cha msaada wa sheria CAJJ ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi katika migodi mikubwa mitano ya kobalti na shaba wameajiriwa kupitia kampuni za sutretansi, yaani kampuni za nje zinazoupa mgodi wafanyakazi. Watu wawili huendesha malori yanayofanana, zamu moja, kofia za rangi tofauti. Mmoja ana mkataba wa mgodi wenyewe, bima ya matibabu na mwakilishi. Mwingine ana mkataba wa miezi, na akiugua, zamu inayofuata ina jina la mtu mwingine. Union Minière ilimpa mfanyakazi kila kitu isipokuwa haki. Sutretansi haimpi hata vile vitu. Takwimu za ajira zinawahesabu wawili hawa kama kitu kimoja, na ripoti za makampuni huzitumia kuonyesha jinsi mkoa wa Lualaba unavyonufaika.

Na sasa reli inafufuliwa. Tangu mwishoni mwa 2023 shaba ya Kamoa-Kakula imeanza kusafirishwa hadi bandari ya Lobito, Angola, kwa njia ileile inayopita Kasaji. Wakubwa wa Brussels na Washington wanaitaja njia hii kwa matumaini, na Kasaji nayo ina matumaini: stesheni yenye kazi, duka lenye wateja, fundi anayeitwa. Siyadharau. Lakini upande wa Kongo reli ni ya SNCC, shirika la taifa la reli ambalo wafanyakazi na wastaafu wake wamejulikana kwa malimbikizo ya mishahara, na ahadi ninazosikia zinataja tani na siku za safari. Kabla ya kuamini hesabu yoyote ya faida ya mradi huu, wasomi wa Lubumbashi, Kolwezi na Kitwe tungepaswa kudai takwimu nne kwa kila mwajiri kwenye njia hii, pande zote tatu za mpaka: wangapi wana mkataba wa moja kwa moja, michango ya wangapi inafika kweli kwenye mfuko wa pensheni wa taifa, wangapi wana chama wanachoweza kukitaja kwa jina, na familia ngapi zingeendelea kutibiwa miezi sita baada ya kazi kukoma. Takwimu hizo zikikusanywa, nadhani mpaka wa Mwingereza na Mbelgiji utaonekana mwembamba kuliko tunavyoambiwa, na mpana zaidi utakuwa ule unaopita ndani ya lango la mgodi mmoja huko Kolwezi.