Magdalene Odundo, mfinyanzi asiyetaka gurudumu

Sisi tunaofinyanga vyungu na vyetezo huku Magogoni, Kisauni, hatuzoei kusikia jina la mfinyanzi likitajwa pamoja na mabingwa wa sanaa. La Magdalene Odundo hutajwa. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasoma India na Kenya, akajifunza michoro ya biashara kule Kabete. Mwaka 1971 akaenda Cambridge kuendelea na michoro hiyo hiyo, na ni Uingereza ndiko udongo ulikomvuta.

Chuo cha Farnham kikampokea, lakini walimu ninaowaheshimu zaidi katika habari zake ni wanawake wa Abuja, Nigeria, alikofika katikati ya miaka ya 1970. Mwingereza Michael Cardew alikuwa amefungua kituo cha ufinyanzi hapo, akaleta gurudumu na tanuru. Wanawake wa Kigwari walikuwa na ufundi wao tangu zamani: mtungi umetulia chini, mfinyanzi ndiye anayeuzunguka, anarudi kinyumenyume huku akiukweza kwa mikono. Mmoja wao, Ladi Kwali, picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Huo ndio ufundi alioushika Odundo, na hakuubadilisha na gurudumu hata baada ya kuhitimu Royal College of Art mwaka 1982.

Chungu chake hukianzia tumboni, akapandisha udongo uliovingirishwa kama kamba, akakwangua, akapaka maji ya udongo laini, akasugua mpaka king'ae. Hakipaki dawa yoyote ya kukifanya kioo. Moto wa kwanza, wenye hewa ya kutosha, hukitoa chekundu chenye rangi ya machungwa. Akikitaka cheusi, hukirudisha tanuruni kimefunikwa pamoja na vipande vya mbao, moshi ukakosa pa kutokea ukaingia udongoni. Aliyewahi kuchoma vyungu atajua hofu ya moto wa pili: ufa mmoja, na kazi ya wiki kadhaa imekwisha.

Mwaka 2018 akawa mkuu wa University for the Creative Arts, na 2020 akapewa cheo cha Dame. Vyungu vyake vimo British Museum. Natamani kimoja kiletwe Fort Jesus, wafinyanzi wa Kisauni wavuke daraja la Nyali wakakikague shingo, mdomo na mng'ao wake.